Vunja jungu iliyoizima albamu ya mwisho

Saa kumi alasiri, Mbweni. Simai Borafya, fundi umeme wa hoteli, amepiga magoti nyuma ya spika anakaza nyaya. Mikono iko kazini, macho yako kwenye simu.

Leo baada ya isha, bendi yake ya roki iliyovunjika miaka kumi na mbili iliyopita itapiga tena hapa uwanjani. Ubwa, mpiga ngoma, ameshafika kutoka Mkokotoni. Nadra, mwimbaji, hajajibu ujumbe hata mmoja tangu juzi.

"Bila Nadra hakuna kitu," anasema Simai. "Nikiimba mimi, wageni watahama hoteli."

Anacheka kidogo, kisha anaitazama tena simu. Ana hofu na wala haifichi.

Albamu yao ya tatu, iliyokuwa ya mwisho, waliirekodi kwa kuchangishana mwaka mzima. Wakaamua kuizindua siku ya vunja jungu, watu wanapokula na kustarehe kabla ya Ramadhani. Na siku yenyewe wakachagua ishirini na tisa Shaabani! Hapa Unguja nani asiyejua kuwa jioni hiyo mwezi unaweza kuandama?

"Ubwa alitwambia turudi nyuma siku mbili," anakumbuka Simai. "Tukamwona mwoga."

Walipiga nyimbo mbili, wakasimama kupisha magharibi. Kabla hawajarudi jukwaani ikatangazwa kuwa mwezi umeandama. Watu wakaondoka kujiandaa na tarawehe, Nadra akabaki na viti vitupu.

Ramadhani nzima muziki ulinyamaza. Baada ya Sikukuu hakuna aliyeiulizia tena albamu ile. Katika sidi elfu moja, hazikuuzwa hata hamsini. Wakalaumiana mpaka wakatengana, na Nadra akarudi kwao Uroa kulima mwani.

Leo ni Mfungo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani; Ramadhani nyingine iko mbali. Simai hataki umaarufu tena, umri umekwenda.

"Nnataka albamu isikike yote, mara moja tu," anasema. "Halafu nirudi kwenye nyaya zangu, roho yangu imetulia."

Simu inaita. Ni Nadra. Simai anaweka sauti ya juu ili Ubwa naye asikie.

"Nadra, uko wapi?"

"Nshatoka Uroa, nnakuja. Lakini tunaanza na wimbo wa tatu."

"Kwa nini wa tatu?"

"Zile mbili watu walishazisikia."