Bangili Katika Maji ya Kijani

Miaka ile kila kitu kilikuwa adimu, hata nyaya za umeme, na karakana yetu ya majaribio pale Kibaha ilikuwa ikitafuta namna ya kupata shaba kutoka kwenye vitu chakavu. Watu wa Kongowe walituletea sufuria za shaba zilizotoboka na nyaya zilizoungua, wakaviacha kwenye meza ya mlangoni. Kila Ijumaa jioni mkuu wa karakana alivizoa vyote bila kuchagua, akavitumbukiza kwenye pipa la asidi na chumvi.

Mama alifariki kijijini kwetu, Vihingo. Nilizika, nikarudi kazini. Nilikula, nililala, sikulia, na watu walinisema sana kwa hilo. Walinichosha. Bangili yake ya shaba nyekundu mashangazi waliivua kwa sabuni kabla ya kumwosha, wakasema ni yangu.

Kaka yangu mkubwa aliileta Ijumaa moja. Hakunikuta, nilikuwa nimetumwa Ruvu. Jumatatu akapita tena.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Bangili uliiona? Niliiweka hapo mezani."

Meza ilikuwa tupu. Ndani ya pipa yalikuwamo maji ya kijani tu. Mkuu alishika kichwa.

"Nisamehe, dada yangu. Lakini shaba haipotei. Tutaitoa yote."

Kazi ile niliifanya mwenyewe. Nilichukua yale maji, nikayatia mafuta ya taa yaliyochanganywa na dawa inayokamata shaba, nikatikisa, nikasubiri yajitenge. Mafuta yalipanda juu na shaba yake, yamekuwa meusi. Chuma na takataka nyingine vikabaki majini. Nikayaosha mafuta kwa asidi nyingine, ikageuka buluu, nikapitisha umeme. Mikono ilijua la kufanya. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa.

Shaba ikaganda kwenye bamba, safi, inang'aa. Mkuu alifurahi, halafu akaona haya kufurahi. Akaibandua, akanipa mkasi wa kukatia bati.

"Kata kipande chako, dada. Ukubwa wowote."

Niliuweka mkasi upande huu, nikauhamishia upande ule. Bangili ilikuwamo, sikatai, lakini sufuria za watu nazo zilikuwamo, kila mahali, pamoja nayo.

"Nikate wapi?" nikamwuliza.

Akaitazama ile shaba, akanitazama mimi, akauchukua mkasi wake taratibu. Hapo ndipo nilipojua kwamba mama amekufa.