Reli Ilipokunywa Lambo Letu

Mwaka niliokuwa darasa la sita, kijiji chetu kilinukia mvua mwezi mzima wa tisa, na mvua haikuwepo. Ardhi iliyokauka ikipata maji hutoa harufu inayomfanya mtu atazame juu bila kujua, nasi tulitazama, tukaona anga jeupe lisilo na hata kipande cha wingu. Ng'ombe walidanganyika kuliko sisi. Waliinua vichwa zizini, wakapanua pua, wakalia kuelekea magharibi, ambako tuta la reli mpya lilikuwa linajengwa. Harufu ilitoka huko. Magari ya maji, tuliyoyaita maboza, yalipita polepole juu ya tuta yakinyunyizia udongo, na mashine ya kushindilia ikafuata nyuma ikinguruma mpaka vyombo vikatikisika kabatini. Maji yale yalikuwa yetu.

Kijiji chetu kipo mbugani, kati ya Isaka na Shinyanga mjini. Udongo wa huko ni mweusi. Mvua ikinyesha unavuta viatu miguuni, na kiangazi unapasuka nyufa ambazo mguu wa mbuzi unaingia wote. Wajenzi walipata tabu nao, siwezi kukataa. Mvua za mwanzoni mwa mwaka zilikuwa zimeyazamisha malori yao mpaka kwenye bodi, na sehemu ya tuta waliyoimaliza ilititia yote. Ikabidi wauchote ule weusi na kuutupa, walete moramu, udongo mgumu wenye kokoto, kutoka vilimani, waitandaze tabaka kwa tabaka, na kila tabaka walimwagie maji kabla ya kulishindilia. Tukitoka shule tulisimama kutazama, na mimi niliipenda kazi ile kweli. Nilimwambia mama kwamba nitakapokuwa mkubwa nitapanda treni hiyo hadi mwisho wake. Mama alicheka, akaniambia nisimsahau kwenye tiketi.

Tulichokuwa nacho sisi ni lambo. Mama na wenzake walilichimba kabla sijazaliwa, kwa majembe na makarai, viangazi viwili mfululizo, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Lilikuwa na taratibu zake ambazo hata mtoto wa miaka mitano alizijua. Mifugo ilinywea upande wa kusini, watu walichota kaskazini, na aliyeoshea nguo ndani alitangazwa hadharani hadi akaona aibu kupita njiani. Kwa utunzaji huo maji yalitufikisha mwezi wa kumi na moja, mvua zinaporudi.

Siku moja tulirudi kutoka shule tukakuta bomba nene la kunyonyea limetupwa katikati ya lambo, upande wa kaskazini, na boza limesimama juu ya ukingo huku matairi yake yakiumega. Hapakuwa na mkutano wa kijiji. Hakuna aliyeulizwa. Mwenyekiti wetu wa wakati ule alikuwa ameweka sahihi kwenye karatasi aliyoletewa nyumbani kwake, basi. Maboza yakaja kila siku tangu asubuhi, manne, yakipokezana. Katika wiki ya tatu maji yalikuwa yamerudi nyuma hatua nyingi, yameacha tope linalong'aa kama ngozi ya kambare. Ng'ombe wetu mmoja, mtamba mwekundu aliyekuwa na mimba, aliyafuata maji akazama hadi kifuani. Watu walimvuta kwa kamba kutwa nzima. Alipotoka hakusimama tena. Sisi wasichana tukaanza kwenda mtoni, mto mkavu, kufukua mchanga na kusubiri maji yajikusanye kikombe kwa kikombe. Ilikuwa safari ya kwenda na kurudi inayomaliza asubuhi, na shule nayo ilikuwa asubuhi. Kati ya wasichana wa darasa letu, waliobaki darasani niliweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Mama alikwenda kwa mwenyekiti, nami nikaandamana naye.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, Mama Kabula. Karibu."

"Nimekuja kwa habari ya lambo. Maji yanakwisha."

Mwenyekiti alitabasamu kama anayeongea na mgonjwa. "Mama Kabula, maendeleo hayaji hivi hivi. Lazima wananchi tujitolee."

"Tulishajitolea," mama alisema. "Lile shimo halikuchimbwa na mvua."

Mwenyekiti akamwambia aende nyumbani, mambo ya serikali wayaache kwa wanaoyajua. Alfajiri ya kesho yake mama alifunga kitenge chake vizuri, akapita nyumba kwa nyumba, na jua lilipochomoza wanawake zaidi ya ishirini walikuwa wameingia ndani ya lambo na kukaa kwenye tope, mahali hasa ambapo bomba hutupwa. Nami nilikaa. Tope lilikuwa baridi, likapenya sare yangu ya shule, maana nilikuwa nimeivaa nikidhani tutamaliza mapema.

Dereva wa kwanza kufika aliitwa Shabani, kijana wa Nyasubi, Kahama. Kila siku alitusalimia kwa neno la lugha yetu la kumwita mama. "Shikamoo, mayu," alimwambia mama, halafu akazima injini. Alikuwa ametoka kujaza boza ng'ambo ya pili ya lambo, ambako hatukuwa na ulinzi. Hakuuliza tunafanya nini. Alikaa kwenye ngazi ya gari akasubiri bosi wake.

Msimamizi alikuja na gari dogo, na mwenyekiti akiwa ameketi pembeni yake. Hakuamkia mtu, ingawa mle topeni walikuwemo wanawake wenye umri wa kumzaa. "Mnataka kusimamisha treni ya nchi nzima kwa ajili ya ndoo ya maji?" aliuliza.

"Nani kasema isimame?" mama alijibu akiwa amekaa vile vile. "Treni ipite, mwanangu. Ila inywe maji yake."

Mwenyekiti akasema kwamba wanawake hawa wanaipinga serikali na majina yao yataandikwa. Mama Minza, jirani yetu, alimtajia la kwake, la baba yake na la babu yake, ili asikosee. Hapo mama akamgeukia Shabani. "Na wewe, rudisha hayo uliyochukua."

Shabani alimtazama msimamizi, akatutazama sisi. Kisha akapanda gari, akalirudisha nyuma hadi ukingoni, akafungulia. Maji yalitoka kwa kishindo, ya kahawia, yakatufikia kiunoni tulipokuwa tumekaa, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka msimamizi akaziba masikio. Shabani alifukuzwa kazi pale pale. Aliondoka kwa miguu kufuata barabara ya Kahama, viatu mkononi, na mpaka leo sijawahi kumwona nikamshukuru.

Maboza hayakurudi kwenye lambo letu. Na hapa ndipo hasira yangu inapokaa hadi sasa. Siku ya tatu tuta lilikuwa linamwagiwa maji kama kawaida, na tulipouliza tuliambiwa yanatoka kambini kwao. Kulikuwa na kisima kirefu kule kambini, kimechimbwa tangu kazi ilipoanza, na kina maji ya kutosha. Kilikuwa mbali kidogo, basi. Walitumaliza kwa sababu lambo letu lilikuwa karibu.

Mvua zilichelewa mwaka ule. Wasichana wawili wa darasa letu hawakurudi shule kabisa. Mmoja alikwishaolewa kabla ya sikukuu ya Noeli. Kipande chetu cha tuta kilipokamilika ilifanyika sherehe, na mgeni aliyetoka mjini aliwapongeza wananchi waliojitolea maji yao kwa moyo mkunjufu. Mwenyekiti, aliyeketi mstari wa mbele, alisimama akapunga mkono. Mama aliinuka akaenda zake nyumbani.

Sasa nasomea uuguzi Shinyanga. Wenzangu chuoni wakiisifia reli, sibishani nao. Ni kazi kubwa, imepita mahali ambapo malori yalizama, na mimi mwenyewe bado nataka kuipanda. Wakisikia habari ya lambo huniambia hayo yamepita. Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, nikamkuta mdogo wangu Ngolo, ambaye sasa yuko darasa la sita, anatoka mlangoni na ndoo.

"Shule je?" nilimuuliza. "Mwalimu anasemaje usipoonekana?"

"Mwalimu ndiye aliyetutuma, dada. Shuleni hakuna maji."

Nilimnyang'anya ile ndoo, nikamwambia arudi darasani, na mimi nikashika njia ya kwenda kwa mwenyekiti mpya.