Tuliimba kweli kwenye arusi ya Golf, mji mzima ukasema ni playback

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi. Kiswahili chetu cha huku mtakivumilia. Nina hasira iliyokataa kuisha, na yote nitakayoandika yalinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa.

Mimi naimba. Si rumba, wala gospel ya keyboard. Naimba classique, zile nyimbo ambazo watu wakizisikia wanauliza, "Nani amekufa?" Nilianzia kwaya ya parokia, kama watoto wengi wa familia za reli.

Mwenzangu ni Solange. Anapiga kinubi, kile kikubwa cha kusimama, kirefu kuliko yeye. Alifundishwa na mtawa mmoja mzee, ambaye alimwachia chombo chenyewe alipoondoka.

Familia ya Solange ni wafanyabiashara kutoka Kivu, kwa hiyo kinubi kinasafiri kwenye camion, lori la mjomba wake, katikati ya magunia ya maharagwe. Kila safari uzi unakatika. Kila kizuizi askari anauliza ni mashine ya nini.

Hayo tumeshazoea. Twende kwenye arusi.

Ilikuwa ya watu wakubwa, kwenye villa moja pale Golf, mtaa wa matajiri. Kazi yetu wimbo mmoja tu, bibi arusi akiingia. Tulifanya mazoezi mpaka vidole vya Solange vikatoka malengelenge.

Bibi arusi akatokea. Solange akaanza, nami nikaingia. Sikufika mbali, nikasikia kwenye baffle, yale maspika makubwa, sauti ya mwanamke mwingine. Wa Ulaya huko. Wimbo uleule, na orchestre nzima nyuma yake!

Nikamtazama fundi wa sono, yule wa mitambo ya sauti. Akaninyanyulia dole gumba.

Ningefanya nini, jamani? Bibi arusi yuko katikati ya zulia, mama yake analia, simu zote zimetuelekea. Nikaendelea kuimba. Solange naye akaendelea, macho yamemtoka.

Halafu umeme ukakatika. (Huku kwetu hilo si habari.)

Yule mwanamke wa Ulaya akanyamaza. Tukabaki sisi wawili, kasauti kembamba katika bustani kubwa vile. Mtu akapiga kelele:

"Playback! Aba bamama banatudanganya!"

Watu wakaangua kicheko. Solange bado anapiga, mzee mmoja wa suti akainama kuangalia kama kuna redio chini ya kinubi.

Kabla hatujapakia vitu, video ilikuwa imefika mji wa Kipushi. Shangazi yangu wa kule akanipigia: "Mutoto, kumbe miaka yote ile ulikuwa unafungula tu kinywa?"

Shangazi! Mtu aliyenisikia nikiimba jikoni kwake tangu nikiwa mdogo!

Nikamtafuta yule fundi aseme ukweli. Alinipokea vizuri, akanipa na kiti.

"Mama, sauti yenu ilikuwa kidogo. Mi niliwasaidia."

"Basi sema mu video kama ni weye uliweka ile CD."

"Nikisema vile, nani ataniita tena ku arusi?"

Naapa, alikuwa anangoja nimwambie asante.

Lakini aliyeniumiza ni Solange. Nilimkuta amekifunika kinubi blanketi.

"Yaya, dada yangu, nimechoka. Mjomba anatafuta muntu wa kuangalia dépôt yake, ile stoo ya maharagwe. Nitaenda."

"Na Kasungami?" Tulikuwa tumeahidi kuimba kwenye parokia moja kule, pembeni ya mji.

"Kasungami njo ya mwisho."

Tukaenda. Kanisa limejaa mpaka mlangoni, kitu ambacho hakijawahi kututokea. Nilifurahi, mpaka nilipoelewa kwamba wamekuja kutukamata tukidanganya. Pale hakuna umeme, hakuna baffle hata moja, na bado watu wanachungulia nyuma ya altare!

Katikati ya wimbo wa pili, mama mmoja mwenye vumbi la shamba miguuni akainuka. Akaja moja kwa moja, akaweka sikio kwenye ubao wa kinubi. Solange akaendelea kupiga. Kisha mama akanijia mimi, akaniwekea kiganja mgongoni huku naimba, akawageukia watu:

"Inatoka mu muntu! Mi nayisikia mu mukono!"

Ikawa foleni. Kila mtu anataka kugusa. Padri anapiga makofi warudi kwenye viti, hakuna anayemsikia. Nusu ya nyimbo hatukuimba. Nilikuwa nataka kulia kwa hasira, nikamgeukia Solange.

Alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka, amemshika bibi mmoja kidole akimwonyesha namna ya kuvuta uzi.

Kule dépôt hakwenda.

Video ya Golf inazunguka mpaka leo. Ya Kasungami haipo, maana kila mkono ulikuwa juu ya kinubi.

Nilichojifunza: kabla hujakubali kazi, mjue anayekaa kwenye meza ya sono na muelewane mapema. Mkishindwana, imba bila spika, wanaotaka kusikia watasogea.

Wanamuziki mliomo humu, nyinyi mnaishije na watu hawa? Na kama kuna fundi wa sono anasoma hapa, aje ajitetee. Nimekaa, namngoja.