Povu lililofikisha karabai ya dada Isingiro

Wakuu, shikamooni mnaostahili. Na nyie wajukuu, marahaba, hata kama hamjaamkia.

Nimeona humu mtu anauliza kama ile foam ya kufungia mizigo ina kazi yoyote au ni kujaza boksi tu. Mkuu, kaa nikusimulie, siongezi chumvi. Kaa vizuri, maana mimi siku ile sikukaa.

Mwishoni mwa miaka ya hamsini, kwetu Nyabiyonza. Nilikuwa nimetoka sekondari, kazi yangu kubwa ni kuota jua mlangoni. Kijiji kilinihesabu msomi. Na mimi nilijihesabu.

Dada Koku alikuwa anaolewa Isingiro. Baba alishatamka mbele ya wakwe kwamba binti yake ataingia na karabai, ile taa ya kupampu. Mzee akishatamka kwa wakwe, hakuna kurudi nyuma.

Baba mdogo, mfanyabiashara Bukoba, akaituma kwa lori. Barua yake ilisema: "Msiitoe kwenye foam mpaka ifike kwa bwana harusi."

Baba akanigeukia. "Msomi, foam ni nini?"

Nikajibu bila hata kukohoa: "Povu."

Baba, aliyekanyaga ndizi za rubisi, pombe yetu, tangu hajaota ndevu, akacheka mpaka akashika mlango. "Povu la rubisi yangu halifiki kwa jirani, hilo litafika Isingiro? Mji umemharibu mdogo wangu!"

Tukafungua boksi. Kioo cha karabai kimezungukwa na kitu cha njano, laini kama mkate. Baba akakibonyeza, kikarudi. Akabonyeza tena, kikarudi.

Nikatoa hukumu: "Povu lenyewe limeshakauka, baba. Haya ni mabaki."

Basi mama akafunga kioo kwa majani makavu ya mgomba. Simsemi vibaya, mayai yake yalikuwa yanafika sokoni mazima hivyo hivyo. Ila soko lilikuwa karibu.

Yale mabaki? Nikayafunga juu ya kiti cha baiskeli, ambacho ngozi ilishakwisha, zimebaki spring tupu. Msomi hakalii chuma.

Siku moja kabla ya harusi nikaondoka, boksi kwenye keria. Njia ilikuwa mawe matupu. Mteremko wa tatu nikasikia nyuma yangu: kri, kri, kri.

Nikashuka, nikafungua. Majani yamelala kama chapati, kioo kinagongana na chuma. Kingepasuka pale, kingine ni mpaka Bukoba, na harusi ni kesho. Jasho lililonitoka si la baiskeli.

Nikatazama kiti changu. Kile kitu nilichokikalia njia nzima, na mwili huu uliolelewa kwa matoke, kilikuwa kimeumuka upya kama hakijawahi kuona mtu.

Hapo ndipo sekondari iliponiingia kichwani.

Nikakirudisha kwenye boksi. Tundu lake likakipokea kioo kama kiganja kinavyopokea yai. Safari iliyobaki, kioo kimya. Mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele, juu ya spring tupu.

Kufika Isingiro, bwana harusi akanivutia kiti. "Karibu ukae, shemeji."

"Nitasimama tu."

"Waitu! Unakataa kiti chetu?"

"Hapana, shemeji. Ni povu."

Ikabidi nieleze yote. Dada Koku akakitoa kioo, akakigonga kwa ukucha, kikalia tii, kizima. Akanitazama nilivyosimama miguu mbali mbali, akasema, "Baba alikusomesha bure, lakini asante."

Kesho yake karabai iliwaka, baba akatembea kifua mbele utadhani ndiye aliyeitengeneza.

Kwa hiyo mkuu uliyeuliza: foam si ya kujaza boksi. Kazi yake ni kuzuia kitu kisicheze, basi ikatwe kwa umbo la kitu chako. Ni nyepesi, na ikigongwa inainuka tena. Majani yakishalala yamelala. Pia usiitupe: dada aliitumia ile ile miaka mingi, kila karabai ilipoazimwa.

Na ukiambiwa "usitoe", usitoe, hata kama nyumbani kuna msomi.

Haya, wewe unayefunga vyombo vyako kwa magazeti, njoo useme vinafikaje. Kutaniana ruksa. Ila ukiniamkia "shikamoo babu Povu", nitajua moja kwa moja wewe ni mjukuu wa Koku.