Siku Nilipomvua Mganga Ndevu

Ipo Jumapili moja ya Temeke, mwanangu, ambayo hata nikija kusahau jina langu sidhani kama nitaisahau. Imenirudia juzi hapa Goba kwa binti yangu, wajukuu wakiwa wamekodolea macho televisheni. Ilikuwa tamthilia ya wafalme na majoka, wakubwa wananong'onezana kwenye veranda, na mchawi anafufua waliouawa. Mjukuu mmoja, ambaye kama wewe anataka kuandika hadithi ya namna hiyo, akaniuliza, "Babu, uchawi uwe kiasi gani na fitina kiasi gani?" Nikacheka. Swali hilo mie nililijibu kwa mikono kabla sijalijibu kwa kichwa.

Nilikuwa kijana wa kuzurura. Shule niliiacha darasa la nne, kwa sababu mwalimu alijibu maswali yake tu, yangu hakuyataka. Nikatoka Lindi, nikabeba magunia bandarini, nikafyatua matofali Ukonga, nikafagia jumba la sinema mjini. Kila nilipofika nilitaka kujua huyu anaishije, yule anamwogopa nani, na wale wawili wanaoacha kuongea nikipita walikuwa wakisema nini. Udadisi huo ndio ulionitia kwenye kikundi cha maigizo cha Temeke.

Tulicheza kila Jumapili alasiri kwenye ukumbi wa tawi la chama. Ilikuwa hadithi moja isiyokwisha, ya nchi ya sultani ambayo haipo kwenye ramani yoyote. Jumapili hii tunaanzia pale tulipoachia Jumapili iliyopita. Siku za Ujamaa hizo, na kila kitu kilitakiwa kiwe na faida kwa umma, basi Mwenyekiti wa tawi akatuita. "Ndugu zangu, huyu sultani wenu anajenga taifa kwa namna gani?" Tukamjibu, "Ndugu Mwenyekiti, anaonyesha ubaya wa ukabaila." Akaridhika. Tangu siku hiyo alikaa kiti cha mbele, na katikati ya wiki akikutana nasi njiani alituuliza kwa sauti ya chini, "Haya, na ule ubaya, Jumapili unaendeleaje?"

Sultani wetu alikuwa fundi viatu mmoja mnene, mpole, ambaye mara nyingine alisinzia kwenye kiti cha enzi na watu wakadhani ndivyo masultani walivyo. Mie nilikuwa Waziri. Fitina zote zilipita mikononi mwangu: barua za uongo, ndoa za hila, ndugu kugombanishwa na ndugu. Na Zuberi, fundi wa gereji, alikuwa Mganga wa Pangoni. Alifungwa ndevu nyeupe za katani mpaka kitovuni, akashika chetezo cha ubani, na mtu nyuma ya pazia akitikisa bati likavuma kama radi. Basi hapo, mwanangu, ukumbi mzima ulisimama.

Hatukuwa na maandishi. Jumamosi tulikaa juu ya matofali nyuma ya ukumbi tukakubaliana vituo: tunaanzia hapa, tunaishia pale, fulani anaingia, fulani haingii. Maneno ya katikati kila mtu aliyatoa kinywani mwake. Sheria ilikuwa moja tu. Kituo kikishakubaliwa hakivukwi.

Sasa nikueleze wivu unavyokula mtu. Zuberi akipita mtaani, watoto walimfuata wakifukiza moshi wa majani makavu. Tukiwa kwenye foleni ya sukari, akina mama walimsogeza mbele. "Mpisheni Mganga, asije akatugeuza vyura!" Wote wanacheka, naye anainamisha kichwa kama bwana harusi. Mie? Mama mmoja alinisukuma kwa kiwiko. "Wewe kaa nyuma huko. Si wewe uliyemsingizia mdogo wake Sultani? Na sukari unaitaka?" Wengine wakaitikia, "Mwambie!" Nikarudi chumbani kwangu mikono mitupu, na kifua kimejaa. Nilijiuliza, mie ndiye ninayekesha nikisuka hadithi hii, yeye anaingia na moshi wake, anapuliza, mambo yanakwisha, na sifa zote zinakwenda gereji. Nilichukia hata mwendo wake. Nilichukia kwamba alikuwa rafiki yangu na hakuwa na habari. Hasidi hana sababu, na mie sababu niliyokuwa nayo ilikuwa hiyo hiyo moja, kwamba anapendwa.

Haki yake, nisimsingizie hata leo, hakuwa malaika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kila nilipomfunga mtu gerezani, Zuberi alimtoa kwa moshi. Kila sumu niliyotia, yeye alikuwa na kombe la kuitapisha. Mwishowe watazamaji hawakuogopa tena hila zangu, kwa nini waogope? Mganga si yupo?

Basi Jumamosi moja nikawaomba wenzangu, karibu niwapigie magoti. Kesho namfunga mdogo wake Sultani, mlango unafungwa, mchezo unaishia hapo. Mganga asiingie kabisa. Watu waende nyumbani na donge. Zuberi akashika sikio lake kwa utani, "Haya, Waziri, kesho mie nakula karanga tu." Tukakubaliana.

Jumapili ikafika, na nilicheza siku ile mpaka mwenyewe nikajiogopa. Mdogo wake Sultani akalia, mama mmoja chini akalia naye. Nikafunga mlango wa gereza. Hapo hapo sauti moja ikapasuka kutoka nyuma, "Mganga!" Ikaitikiwa na nyingine. Ukumbi wote ukawa unapiga miguu, "Mganga! Mganga!" Na pazia likafunguka, moshi ukaingia, bati likavuma, na Zuberi huyo na ndevu zake.

"Fungukaa!" akaliamrisha gereza.

Makofi yakataka kubomoa ukumbi. Kazi yangu ya wiki nyingi ilikwenda na pumzi moja.

"Mganga," nikasema, "wewe ulikufa. Nilikutilia sumu asubuhi."

"Sumu haimpati Mganga."

"Hii inampata."

"Basi nakugeuza mbuzi!"

"Mbuzi huyu hageuki. Puliza tena."

Watu wakacheka mwanzoni. Walipoona macho yetu wakaacha. Nikamsogelea Zuberi, nikazikamata zile ndevu za katani, nikazivuta mpaka kamba ikakatika, nikaziinua juu kama mtu aliyekamata kuku wa jirani. Mtoto mmoja akasema, "Kumbe ni Zuberi wa gereji." Kisha akaanza kulia, na mama yake akamchukua akatoka naye. Wengine wakafuata, hawakuzomea hata. Ingekuwa afadhali wangezomea.

Mwenyekiti alituambia palepale. "Jumapili ijayo ndiyo ya mwisho kuwavumilia. Watu wasiporudi, au mkipigana tena, ukumbi nawapa kwaya." Zuberi aliokota ndevu zake akaondoka.

Kesho yake nilikuwa nikipita uchochoroni nikikwepa watu, nikaitwa. Alikuwa Bibi Nachenga, mama mtu mzima wa Kimakonde aliyekaa mlangoni mwa ukumbi wetu kila Jumapili na beseni lake la karanga. Mie Mmwera, yeye Mmakonde, watani hao, kwa hiyo nilijua sitasalimika.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwizi wa ndevu. Njoo ukae. Au unaona aibu kukaa na watu wenye nyuso zao?"

Nikakaa. Akamenya karanga kwanza, hakuwa na haraka.

"Kwetu Newala," akasema, "jando likiisha hutoka lipiko. Kavaa kinyago, kajifunga nguo mpaka vidole, anacheza kama mzimu. Sisi wanawake tukimwona tunakimbia. Wanaume wanasema hatujui ni nani. Mwaka mmoja nilikuwa msichana, akatoka lipiko, nikamtazama mguu. Kovu la jembe lile nalijua. Kaka yangu, tumbo moja."

"Ukafanyaje?"

"Nikakimbia! Nikakimbia mpaka nikapoteza ushanga. Wewe unadhani lipiko anatisha kwa sababu ya mti aliovaa? Anatisha kwa sababu sisi tunakimbia. Na tunakimbia kwa sababu hatoki kila siku. Lipiko akishinda sokoni akinunua dagaa, nani atamkimbia? Chovya chovya humaliza buyu la asali. Hilo mwambie Zuberi, maana naye kaniudhi."

Nikafurahi, mwanangu. Nikaanza kusema, "Umeona, Bibi! Ndiyo maana mie…"

"Nyamaza. Zuberi kazidisha chumvi, wewe umemwaga mchuzi. Kumvua lipiko mbele ya watoto! Kwetu ungefukuzwa kijijini. Na yote kwa sababu gani? Anashangiliwa?"

Nikaanza kuokota maganda ya karanga chini.

"Yule mama aliyekunyima foleni ya sukari, ni jirani yangu. Wiki nzima hakulala vizuri kwa ajili ya yule kijana uliyemsingizia. Mie mwenyewe nilikaa siku kadhaa sitaki kukuona sura, nikikukumbuka na ile barua yako ya uongo. Sasa wewe ulitaka waziri mwongo apigiwe vigelegele? Zile chuki ndizo makofi yako, mjinga wewe, na umepita nazo mtaani huzioni, unahesabu ya mwenzio."

Akanitilia karanga kiganjani.

"Jumapili tulikuja kuona wivu wa Waziri. Ukatuonyesha wa kwako. Wivu huo usiutupe, ni mali nzuri, lakini mpe mwenyewe. Mpe Waziri."

Nikaenda gereji. Zuberi alikuwa chini ya gari, miguu tu nje. Nikaongea na miguu. Nikamwomba radhi, nikamweleza ya lipiko, yote, hata lile la yeye kuzidisha chumvi. Miguu ikatulia.

"Nitavaa ndevu gani tena?" ikasema sauti ya chini ya gari. "Mtaa mzima ushanijua."

"Usivae. Usitoke kabisa. Kaa nyuma ya pazia na chetezo."

"Nifanye nini huko?"

"Uwepo tu. Kuogopa niachie mie."

Mkono wenye grisi ukatoka chini ya gari, akasema, "Nipe hiyo spana, uache kunizibia mwanga." Nikajua tumepatana.

Jumapili ilipofika, watu walikuwa wachache, wengi wao wamekuja kuona kama tutapigana. Mwenyekiti kakunja mikono. Bibi Nachenga mlangoni na beseni lake. Nilisimama peke yangu mbele ya gereza, funguo zote za nchi zikining'inia kiunoni. Sultani alikuwa amelala, safari hii kwa makubaliano. Nikashinda. Hakukuwa na mtu wa kunizuia.

Kisha harufu ya ubani ikaja, kidogo tu, kutoka chini ya pazia. Bati likalia mara moja, kama mtu aliyekohoa chumba cha pili.

Nikazishika funguo zisilie. Maneno yaliyotoka sikuwa nimeyapanga. Nilisema, "Nina kila kufuli la nchi hii. Yeye hana hata mlango. Na bado wanamngoja yeye. Nikifunga, wanamngoja. Nikiua, wanamngoja. Ana nini huyu ambacho mie sina?" Nilikuwa namsema Zuberi, mwanangu, Mungu anajua, kila neno lilikuwa la wivu wangu. Lakini lilipotoka lilikuwa la Waziri, na Waziri alikuwa anatetemeka, na mbele yangu sikusikia hata mtu akimenya karanga. Moshi ukaongezeka. Pazia likajaa upepo, likatulia. Hakutoka mtu.

Nikarudi nyuma hatua moja.

Hapo ndipo Bibi Nachenga aliponyanyuka. Mtu mzima yule, aliyejua fika kwamba nyuma ya pazia yupo Zuberi wa gereji na suruali yake ya oili, alipiga ukelele, akatia beseni kichwani, akakimbia. Alikimbia kweli, khanga zinapepea, karanga zinamwagika njia nzima. Akina mama wakafuata kwa mayowe, watoto nyuma yao, na Mwenyekiti wa tawi, mwanangu, alikuwa ameshasimama juu ya kiti. Walirudi baadaye wakicheka na kusukumana, wakaketi, wakataka tuendelee. Wiki iliyofuata ukumbi haukutosha. Kwaya ilitafuta pengine.

Basi, mwanangu, unayetaka kuandika ya wafalme na wachawi, haya ndiyo niliyoyabeba kutoka Temeke. Uchawi ufanye uwe mgeni, usiwe mpangaji. Ukiufanya ufungue kila mlango, hakuna atakayeogopa kufungiwa. Na fitina usiisuke peke yake kama mie nilivyotaka, maana watu waliochoka na hila za wakubwa wanahitaji kitu ambacho hata mkubwa hana ufunguo wake. Kinachoviunganisha ni mtu anayetaka kitu mpaka anatetemeka. Mkubwa akiogopa, uchawi unakuwa wa kweli. Uchawi ukikaa mbali, mkubwa anabaki na dhambi zake. Na mwenzio akishangiliwa, kabla hujamshika ndevu, geuka kwanza utazame nani amekununia. Huenda naye anakupigia makofi.

Zuberi ametangulia mbele ya haki. Mpaka mwisho alikuwa akinisalimia, "Mbuzi wangu hajambo?" Na mie, nikwambie ukweli, siku ya maziko yake nilipoona umati ule nilisikia kawivu kadogo kananichoma. Nikakaacha kapite.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mkono mwepesi na moyo usiohesabu ya jirani. Akupe rafiki wa kukaa nyuma ya pazia lako, nawe ukubali kukaa nyuma ya lake. Na akujalie watazamaji wanaojua kila kitu, na bado wakimbie.