Kucha za Simba wa Rais

Msafiri alikuwa ameshuka kwenye basi kunyoosha miguu katika mji asioujua. Alipoingia duka la mikate, alimkuta mkaguzi wa nembo za taifa ameinamia keki ya harusi yenye simba wa sukari juu yake, kama daktari aliyeinamia mgonjwa. Alikuwa bwana mwembamba mwenye rula ya mbao, na kabla ya kupima chochote aliipuliza kwanza. Kila alipopima alinong'ona tarakimu, akaitafuta katika kijitabu cha kanuni kilichochakaa pembe, kisha akapuliza tena.

"Mama, simba huyu ni wa Rais," alisema kwa sauti ya kutoa pole. "Haruhusiwi kukatwa, kuliwa wala kutupwa."

"Mwanangu, bwana harusi ni dereva wa Ikulu, nilitaka kumpa heshima tu!" alilalama mwenye duka. "Wageni wameshakaa. Sasa niende mikono mitupu?"

"Kanuni ya tisa, mama. Simba wa Rais ana kucha nne kila mguu. Ngoja nihesabu."

Zilikuwa nne, nne, nne na nne, maana mama huyu hakuwa mtu wa kulipua kazi. Mkaguzi akatazama mlangoni, akamtazama msafiri, kisha akapitisha kidole kwenye mguu wa nyuma na kukilamba bila haraka.

"Huu una tatu," akatangaza. "Basi huyu ni simba wa porini tu. Kateni."

Akaandika hivyo hivyo kijitabuni na kutoka, sukari ingali kwenye masharubu, huku msafiri akibaki kumsaidia mama kuinua keki.