Taulo la Fundi Arobaini

Kuna watu wakipewa jina la utani wananuna wiki nzima. Fundi wetu wa matangi ya samaki alipoitwa Arobaini alilipokea kama cheo, na kwa kweli alikuwa amelitolea jasho. Samaki yeyote mpya aliyenunuliwa kwa ajili ya lile tangi kubwa la maji ya chumvi, lililo kwenye chumba cha kusubiri cha kliniki ya meno, hakutiwa humo hata angekuja na barua ya utambulisho mdomoni. Kwanza alipelekwa stoo ya nyuma, kwenye tangi dogo lisilo na mchanga wala jiwe, lenye kipande cha bomba tu cha kujifichia. Hapo alikaa karantini siku arobaini, akikaguliwa mapezi, macho na choo. Na siku ya thelathini na tisa kikiingia humo kitu kingine kutoka nje, iwe ndoo, iwe samaki wa pili, hesabu ilirudi kwenye moja. Fundi hakuwa na huruma na tarakimu.

"Siku za mwizi ni arobaini," alikuwa akisema, "na ugonjwa ni mwizi."

Watu walimchoka, jamani. Daktari mwenye kliniki, mama mpole aliyependa tangi lijae rangi ili wagonjwa wasahau meno yao, alimkumbusha kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu unampa jembe. Mkewe naye, kila alipotaka kumchokoza, alimwambia mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo fundi hakuitaka hata kuisikia, maana katika kazi yake mgeni akija na balaa, mwenyeji haponi, anakufa yeye na majirani zake wote. Mkewe anaapa kwamba hata mkwe wao alipokuja kuposa alikaguliwa nyuma ya masikio kabla ya kukaribishwa sebuleni.

Mwenyeji wa maana kuliko wote kwenye lile tangi kubwa alikuwa samaki wa manjano, mpana kama sahani, aliyeishi humo miaka tisa. Wagonjwa walimwita Mama Mkwe kwa jinsi alivyomtazama mtu kutoka juu mpaka chini kisha akageuka. Fundi alimpenda kuliko alivyokubali kusema. Alikuwa akimlisha kwa mkono, na Mama Mkwe, asiyempa mtu mwingine hata salamu, alikuwa akija kudonoa chakula vidoleni mwake.

Sasa sikia. Mgeni mmoja mwenye mistari ya buluu aliletwa stoo, na siku ya kumi akatokwa na vidoa vyeupe, kama aliyenyunyiziwa chumvi mwili mzima. Fundi alifurahi, Mungu amsamehe. Alimwita daktari na watu wa mapokezi, akawasimamisha mbele ya lile tangi dogo, akawahutubia. Je, kama angewasikiliza? Je, kama huyu angeingia kule mbele? Kisha akaanza kumtibu mgonjwa kwa dawa ya shaba, akaufunga mlango wa stoo, ufunguo akautia kwenye kamba akauvaa shingoni. Vifaa vyake alivitenga vizuri, ndoo nyekundu na wavu mwekundu vya stoo, ndoo ya buluu na wavu wa buluu vya mbele, na ole wake atakayechanganya. Wiki nzima alitembea kifua mbele.

Wiki ya pili, asubuhi ya Jumatatu, Mama Mkwe alikuwa akijikuna kwenye jiwe. Fundi akasogea kwenye kioo. Vidoa vyeupe vilikuwa vimemjaa kwenye mapezi, na wenzake watatu vilevile.

Mtu akiumbuka hutafuta pa kujifichia, na fundi alipata pa karibu. Kliniki ilikuwa na mama mfanya usafi, mjane, mwenye watoto wawili shuleni na mshahara huo mmoja tu. Kila asubuhi alikuwa akifuta kioo cha tangi kubwa kwa kitambaa. Fundi akajenga kesi yake haraka. Mama huyu lazima aliingia stoo siku mlango ulipoachwa wazi, akafuta tangi la mgonjwa, kisha kwa kitambaa kilekile, kibichi, akaja kufuta la mbele. Tone moja linatosha, alimweleza daktari, tone moja tu. Mama yule alisema hajawahi kuingia stoo, na kwamba ufunguo wenyewe si uko shingoni mwa fundi? Daktari, aliyekuwa amechoshwa na wagonjwa wanaouliza kwa nini samaki wana upele, akamwambia mama kwamba Ijumaa itakuwa siku yake ya mwisho.

Jumatano fundi akaanza kazi ya kuwahamisha. Dawa ya shaba haitiwi kwenye tangi kubwa lenye matumbawe na makombe hai, inayaua, kwa hiyo samaki wote walipaswa kwenda stoo na tangi kubwa libaki bila samaki majuma kumi, mpaka wadudu wanaoleta vile vidoa wafe kwa kukosa wa kumla. Yaani wenyeji walikuwa wanahamia karantini kwa mgeni. Na mgeni mwenyewe alikuwa ameshapona, anakula vizuri, anawapokea.

Akafanya kila kitu kwa utaratibu. Aliandaa tangi la stoo, akanawa mikono mpaka viwiko, akajifuta kwa taulo lake, lile la kijani lililokaa begani kwake miaka yote kama sehemu ya mwili, akafunga mlango, akaenda mbele. Ndoo ya buluu, wavu wa buluu. Akapanda kiti, akazamisha mkono mpaka kwapani kumtafuta Mama Mkwe nyuma ya jiwe. Akiwa ameinama hivyo, akaona kitu cha kijani kinaelea mbele ya uso wake.

Ilikuwa ncha ya taulo, imeloa chapa.

Akabaki ameinama. Taulo hilo alijifutia stoo kila alipomlisha mgonjwa, kila alipotia dawa, mara nne kwa siku. Na kila siku alikuja nalo hapa, akainama hivihivi, nalo likachovya hivihivi. Nyavu mbili, ndoo mbili, kufuli, ufunguo shingoni, na taulo moja! Kila kitu alichomsingizia yule mama kwa kitambaa chake alikuwa amekifanya yeye, hatua kwa hatua. Alisikia joto la aibu likimpanda mpaka masikioni. Chumbani kote hakukuwa na aliyeona, ila mgonjwa mmoja aliyevimba shavu, na huyo alikuwa na yake. Fundi akalikamua taulo, akalisokota, akalitia mfukoni.

Nyumbani jioni, wakati wa chakula, alimsimulia mkewe habari za fundi mmoja wa mtaa wa pili. Fundi huyo, alisema, ni mtu makini sana, lakini bahati mbaya amebeba ugonjwa kwa taulo, na sasa mtu mwingine atafukuzwa kazi, na huyo fundi hajui aseme au anyamaze, maana akisema, jina lake la miaka yote linaisha. Mkewe alitafuna, akameza, akanywa maji.

"Huyo fundi wa mtaa wa pili," akauliza, "taulo lake ni la kijani?"

Fundi akakaza macho kwenye sahani.

"Mwambie kikulacho ki nguoni mwako. Na mwambie yule mama ana watoto."

Alhamisi hakusema. Alikwenda, akawatibu samaki, akakutana na yule mama kwenye ujia akiwa amebeba ndoo, akasalimiwa vizuri kabisa, na salamu hiyo ikamchoma kuliko tusi. Samaki wawili wadogo walikufa siku hiyo. Mama Mkwe alikuwa amelala ubavu kwenye kona, anapumua kwa shida, na alipopelekewa chakula hakuja.

Ijumaa asubuhi chumba cha kusubiri kilikuwa kimejaa. Daktari alikuwa amesimama mapokezi na bahasha ya yule mama mkononi. Fundi alikuwa amepanga kuomba faragha, lakini alipoiona bahasha mipango yote ikamtoka. Akatoa taulo mfukoni, akalitandaza juu ya meza ya mapokezi mbele ya wagonjwa wote.

"Daktari, mama huyu hana kosa. Ugonjwa niliuleta mimi, kwa hili taulo. Nimejua tangu juzi nikanyamaza."

Wagonjwa wenye pamba mdomoni wakageuka. Daktari akalitazama taulo, akaitazama bahasha, akaichana polepole vipande vinne, kisha akamwomba mama msamaha, kwa jina lake na kwa heshima. Halafu akamuuliza fundi, kwa upole uleule uliomfaa kwa kung'oa meno, sasa yeye mwenyewe afanywe nini.

Aliyejibu ni yule mama.

"Sheria si anayo mwenyewe? Aliyekutwa na wadudu hutengwa. Lete ufunguo, fundi, nenda kaanze kuhesabu."

Fundi alitarajia watu wacheke, na walicheka, lakini mama yule hakuwa anatania. Ufunguo ukahamia shingoni kwake na mshahara wake ukaongezwa. Kila siku fundi alikaa kwenye benchi la wagonjwa, nje ya mlango wa stoo, akieleza dozi ya dawa na joto la maji, na ndani mama alitenda. Vitambaa vyake vilikuwa viwili tangu siku ya kwanza, na hakuna kilichovuka kizingiti. Fundi aliliona hilo, likamuuma, likamfurahisha. Siku ya kumi na nane mama alitoa kichwa mlangoni akasema Mama Mkwe amekula. Fundi aliinama akajifanya anafunga kiatu, kwa sababu machozi yalikuwa yanamtoka.

Siku ya arobaini alikuja amenyoa ndevu, amevaa shati safi, begani hana kitu. Mama alisimama mlangoni, akamkagua mbele na nyuma, mpaka masikio.

"Jana nilipokwenda kumwaga maji, nani aliingia akachovya kidole?"

Fundi akatazama chini. Ni kweli, alishindwa kujizuia. Alitaka tu kuona kama bado anamjua. Na Mama Mkwe alikuja, akamdonoa, mara moja.

"Nilichovya kidogo tu, dada," akasema.

"Tone moja linatosha," mama akamjibu, akafunga mlango.

Fundi akabaki ameukodolea macho mlango ule. Miaka yote aliwahubiria watu sheria hii wakamcheka, na leo amepatikana wa kwanza kuiamini. Akarudi kwenye benchi, akakaa katikati ya wagonjwa wawili wa magego, akahesabu moja.